Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mabalozi wa Afrika kwenye Barabara ya 40

(Hotuba niliyoitoa mbele ya mkusanyiko wa Waafrika Mashariki waishio Maryland na Delaware. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikiondoa salamu ndefu na yale maswali ya katikati.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango, msidhani sijawaona. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya Marekani. Ombi hilo ni pana mno kwa jioni moja, basi nimechukua kipande kimoja tu, tena kipande mnachokikanyaga kila siku. Wengi wenu mmefika hapa kwa I-95. Ila ninyi mnaokaa Edgewood, Aberdeen, Havre de Grace na Elkton mnaijua vizuri Barabara ya 40, ile Pulaski yenye maduka ya matairi, vituo vya mafuta na taa nyekundu zisizokwisha. Miaka sitini na kitu iliyopita, barabara hiyo na migahawa yake iliingia kwenye mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ikapanda mpaka mezani kwa rais. Walioifikisha huko walikuwa Waafrika wenye njaa na kiu, waliosimamisha gari wakitaka kikombe cha kahawa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nataka leo tuupime msemo huo kwa ushahidi. Mimi naamini kwamba Waafrika waliokuja hapa kama wageni wa taifa waliwasaidia Wamarekani weusi kuuvunja ubaguzi wa kisheria, kuliko vitabu vingi vya shule vinavyokiri. Naamini pia kwamba msaada huo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kasoro hiyo ndiyo inayonikeresha mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya Pili vimekwisha, askari weusi wamerudi nyumbani kutoka Ulaya na Pasifiki. Februari 1946, huko South Carolina, askari mmoja aitwaye Isaac Woodard, akiwa bado amevaa sare, alishushwa kwenye basi na kupigwa na polisi hadi akapofuka macho yote mawili. Rais Truman alipoelezwa habari hiyo pamoja na mauaji mengine ya mwaka huo, aliunda kamati ya haki za kiraia. Mwaka 1947 kamati ilitoa ripoti yake, na ndani yake mna hoja tatu za kutaka mabadiliko: ya maadili, ya uchumi, na ya kimataifa. Hiyo ya tatu ndiyo inayotuhusu. Kamati ilisema waziwazi kwamba Marekani haina nguvu kiasi cha kupuuza dunia inaionaje.

Mwaka huohuo NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, waraka mzito ulioandaliwa chini ya msomi mweusi W.E.B. Du Bois, kikieleza jinsi raia weusi wanavyotendewa ndani ya nchi inayojiita kinara wa demokrasia. Wasovieti wakadaka nafasi hiyo wakataka uchunguzi ufanywe. Ombi likakataliwa. Lakini Washington walishaelewa kwamba kila mtu mweusi anayepigwa Georgia au Mississippi atakuwa habari ya ukurasa wa kwanza Moscow, na kesho yake Accra, Delhi na Nairobi.

Desemba 1952, kesi ya shule za watoto weusi ilipokuwa mbele ya Mahakama ya Juu, ile inayojulikana kama Brown, Wizara ya Sheria iliwasilisha maelezo yake kuwaunga mkono wazazi weusi. Humo walinukuu barua ya Dean Acheson, Waziri wa Mambo ya Nje, akilalamika kwamba ubaguzi unaiaibisha serikali kila siku katika shughuli zake na mataifa mengine. Kuna jambo jingine walilolitoa kwenye ripoti ya ile kamati ya Truman, naomba mlisikilize kwa makini. Walisema kwamba hapa Washington, wageni wenye ngozi nyeusi hudhaniwa kuwa weusi wa Marekani, wakanyimwa chakula na malazi. Ikishabainika kwamba si Wamarekani, huhudumiwa.

Hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja, nayo imewekwa wazi na serikali yenyewe mbele ya mahakama. Mtu anaulizwa, wewe ni mweusi wa wapi? Ukiwa wa kwetu, toka nje. Ukiwa wa mbali, karibu uketi. Raia mwenye pasipoti ya nchi hii alikuwa chini ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

Hukumu ya Brown, iliyokataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma, ilitoka tarehe 17 Mei 1954, na redio ya serikali, Sauti ya Amerika, ikaitangaza kwa lugha 34. Mimi siwalaumu kwa kuitangaza. Nawauliza tu kwa nini spidi ya kuitangaza ilikuwa kubwa kuliko spidi ya kuitekeleza.

Basi tufike 1957. Ghana imepata uhuru mwezi Machi, na Makamu wa Rais Nixon alikwenda Accra kwenye sherehe. Mwenyeji wake mmojawapo alikuwa Waziri wa Fedha, Komla Gbedemah. Oktoba mwaka huohuo Gbedemah yuko Marekani kikazi, anasafiri kwa gari kupitia Delaware. Karibu na Dover anasimama kwenye mgahawa wa Howard Johnson's, anaagiza juisi ya machungwa, glasi mbili, moja yake na moja ya katibu wake. Mhudumu anawaletea ikiwa imefungashwa, anawaambia hawaruhusiwi kukaa ndani. Gbedemah anamwita meneja, anajitambulisha. Meneja anashikilia msimamo: watu wa rangi hawali humu.

Gbedemah hakupiga kelele. Aliwaambia kwamba hao waliokuwa wakila humo walikuwa chini yake kwa cheo, nao wanakunywa, yeye hawezi. Akawaambia baki na juisi yako na chenji yako, lakini habari hii haijaishia hapa. Kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba kama Makamu wa Rais wa Marekani anaweza kula nyumbani kwake Ghana, haelewi kwa nini yeye atendewe hivyo na mgahawa wa kando ya barabara.

Tazameni wakati wenyewe. Wiki chache nyuma, tarehe 24 Septemba, Rais Eisenhower alikuwa amepeleka askari wa miavuli Little Rock, Arkansas, ili watoto tisa weusi waingie shule ambayo gavana Orval Faubus aliwafungia mlango. Katika hotuba yake ya usiku ule Eisenhower alisema maadui wa nchi wanashangilia. Tarehe 4 Oktoba Wasovieti wakarusha angani Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na Redio Moscow ilipokuwa ikitaja miji ambayo chombo hicho kingepita juu yake, haikuusahau Little Rock. (Waswahili tungesema wamemtonesha mtu kidonda.) Juu ya hayo yote, sasa waziri wa nchi ya kwanza ya weusi kujitawala kusini mwa Sahara katika wimbi lile jipya amenyimwa kiti kwa ajili ya juisi. Tarehe 10 Oktoba Gbedemah alikuwa Ikulu, akila kifungua kinywa na Eisenhower na Nixon. Na kampuni ya mgahawa ikaomba radhi.

Sasa yule katibu wake. Aliitwa Bill Sutherland, na alikuwa Mmarekani mweusi, mpigania amani aliyewahi kufungwa kwa kukataa kwenda vitani, akaondoka hapa kwenda kuitumikia Ghana. Ninyi wa Dar es Salaam huenda wazee wenu walimfahamu, maana baadaye alihamia Tanzania na kuishi pale miaka mingi. Waziri alialikwa Ikulu kwa sababu ni mgeni. Sutherland, angekuwa amesimama pale peke yake kama raia, nani angemwalika?

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijitawala. Kila moja ilihitaji balozi Washington na mwakilishi New York, na nyingi, kwa uhaba wa fedha na watu, zilimtumia mtu mmoja kwa kazi zote mbili. I-95 tunayoijua haikuwepo katika sehemu hii. Ukitoka New York unavuka daraja la Delaware, unaingia Barabara ya 40, unavuka mto Susquehanna pale Havre de Grace, unashuka mpaka Baltimore. Safari ya saa nyingi, na karibu migahawa yote ya upande wa Maryland ilikuwa ya weupe peke yao. Sheria ya jimbo haikuwazuia.

Aprili 1961 mwanadiplomasia wa Sierra Leone, William Fitzjohn, alikataliwa mgahawani huko Hagerstown, Maryland. Rais John Kennedy, aliyekuwa na miezi mitatu tu madarakani, akamkaribisha Ikulu. Juni ikawa zamu ya Adam Malick Sow, balozi wa Chad. Alikuwa anaelekea Washington, akasimama Edgewood kwenye mgahawa mdogo uitwao Bonnie Brae, akaomba kahawa. Akafukuzwa. Waandishi walipokwenda kuuliza, mwanamke mwenye mgahawa aliwajibu kwamba machoni pake yule bwana alikuwa mweusi wa kawaida tu, angejuaje kwamba ni balozi?

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi na kila mara nahisi lina ukweli wa kutisha. Mama yule hakuwa anamdharau balozi. Alikuwa anajitetea, na utetezi wake ni kwamba dharau ile ilikusudiwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiishi Edgewood, akifanya kazi kwenye kambi ya jeshi ya Aberdeen, akilipa kodi hapa.

Rais mwenyewe hakuanza vizuri. Harris Wofford, aliyekuwa mshauri wake wa haki za kiraia, alisimulia baadaye kwamba Kennedy alimwambia mkuu wa itifaki, Angier Biddle Duke, awaambie mabalozi wa Kiafrika waache kupita Barabara ya 40. Wapande ndege! Yeye mwenyewe asingefikiria kwenda kwa gari kutoka New York mpaka Washington. Mtu aliyelelewa katika utajiri ule huenda kweli hakuona tatizo lolote katika ushauri huo.

Lakini Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeshaanza kazi. Ilianzisha kitengo maalumu cha itifaki chini ya kijana mmoja mzaliwa wa Havana, Pedro Sanjuan. Kazi yake: nyumba za kupanga kwa wanadiplomasia Waafrika, ambao wenye nyumba wa Washington waliwakimbia, na migahawa ya Barabara ya 40. Sanjuan na watu wake walipita mlango kwa mlango wakizungumza na wenye migahawa. Mmoja anasema sina ubaguzi, ila wateja wangu watahama. Mwingine anasema niko tayari kama jirani yangu atatangulia. Na wapo waliosema wangemhudumia balozi, mradi tu aoneshe kitambulisho.

Hapo Sanjuan, namsifu, alikataa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Septemba 1961 alisimama mbele ya wabunge wa Maryland na kuwataka watunge sheria ya kuwafungulia watu wote, wageni na raia. Aliwaambia kwamba Mmarekani anayemdhalilisha mwakilishi wa nchi ya nje, au Mmarekani mwenzake, kwa sababu ya rangi, anaweza kuidhuru nchi sawa na anayepeleka siri kwa adui. Afisa wa itifaki kuyasema hayo mbele ya wabunge wa jimbo ilikuwa jambo geni kabisa.

Kabla ya hapo, mwezi Agosti, yalitokea mambo ambayo mngeyaona kwenye vichekesho mngesema mtunzi amezidisha. Waandishi watatu wa gazeti la weusi la Baltimore, Afro-American, walijivalisha majoho ya kukodi, mmoja akajipachika vazi la kichwani la ngozi ya chui, wakakodi limuzini, wakashuka Barabara ya 40. Walijitangaza kuwa ujumbe kutoka nchi ya Goban. Goban haimo kwenye ramani yoyote. Mmoja akawa waziri wa fedha, akizungumza kwa lafudhi aliyoitunga mwenyewe. Kuna mgahawa uliowakataa hata hivyo. Lakini kuna iliyowafungulia, ikawaketisha, wenye mgahawa wakawainamia kwa heshima, wateja weupe wakiwatazama kwa shauku. Vijana wa Baltimore, ambao siku ya kawaida wasingepewa hata maji, sasa wanaitwa Mheshimiwa.

Waliporudi wakaandika yote gazetini. Hakuna hotuba iliyoueleza upumbavu ule vizuri kuliko joho la kukodi.

Kuanzia hapo jambo likachukuliwa na watu wa hapa. Shirika la haki za kiraia la CORE, lililokuwa limetoka kuendesha misafara ya mabasi ya kupinga ubaguzi kule kusini, lilitangaza kwamba tarehe 11 Novemba mamia ya magari yangeshuka Barabara ya 40 na kila mgahawa ungeombwa kahawa. Wanafunzi wa vyuo vya weusi, Howard cha Washington na Morgan State pale Baltimore, walikuwa tayari. Siku chache kabla ya tarehe hiyo, migahawa zaidi ya 30 ikakubali kufungua milango. CORE ikaahirisha msafara kwenye barabara ile, ikapeleka nguvu Baltimore mjini, na mwezi uliofuata ikawarudia waliobaki na ukaidi. Barua za Wizara zilikuwa zimewabembeleza wenye migahawa kwa miezi. Msururu wa magari yenye vijana uliwapa tarehe ya mwisho.

Niruhusuni sasa niingie nyumbani kidogo, kwa sababu mambo haya hayakuwa yakitoka upande mmoja tu wa bahari.

Januari 1960 mwanasheria aliyeshinda kesi ya Brown, Thurgood Marshall, alikuwa Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya, kabla ya mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, London. Husimuliwa kwamba huko Kiambu afisa wa kikoloni alimzuia kuingia kwenye mkutano. Marshall akaomba aruhusiwe kuwaambia watu neno moja tu, akaruhusiwa, akaupaazia umati: Uhuru! Umati ukalipuka. Halafu akaenda London kuwasaidia wajumbe wa Kiafrika kuandika rasimu ya haki za binadamu. Na katika rasimu ile, kwa kuwa Waafrika ndio wangekuwa wengi madarakani, waliokuwa wakilindwa kama wachache ni walowezi weupe na Wahindi. Mtu aliyenyimwa haki kwao kwa kuwa mweusi akakaa usiku na mchana akitafuta namna ya kulinda mali ya mzungu Kenya. Wapo waliomcheka. Mimi naona alikuwa anaamini anachokisema.

Mboya huyohuyo ndiye aliyeandaa safari za ndege za wanafunzi. Ya kwanza, Septemba 1959, ilileta vijana 81. Mwaka uliofuata alikwenda kumwona Seneta Kennedy kule Hyannis Port, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa imekwishakataa kusaidia, ghafla ikakumbuka kwamba nayo ina fedha, kwa kuwa Nixon alikuwa akigombea dhidi ya Kennedy na kura za weusi zilikuwa mezani. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960. Alisimulia baadaye jinsi basi lao la kwenda Kansas liliposimama njiani, jimbo la Indiana, wakaambiwa soda wanaweza kununua ila wakanywee nje. Indiana, jamani. Hiyo si Mississippi.

Na Mississippi kulikuwa na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP, aliyepigana Ulaya wakati wa vita. Mwanawe wa kwanza alizaliwa 1953, mwaka ambao mahakama ya Kapenguria ilimhukumu Kenyatta kifungo. Evers akampa mtoto jina la Kenyatta. Mkewe aliona jina hilo peke yake ni zito kwa mtoto wa Mississippi, akamtangulizia jina la Darrell. Hawa watu walikuwa wanatufuatilia, ndugu zangu, wakati sisi tukidhani tuko kijijini peke yetu.

Mei 1963. Birmingham, Alabama. Watoto wa shule wanaandamana, na mkuu wa usalama wa mji, Bull Connor, anawafungulia mabomba ya maji ya zimamoto na mbwa wa polisi. Picha zinazunguka dunia. Wakati huohuo wakuu wa nchi huru za Afrika wanakusanyika Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 23 Mei Milton Obote, Waziri Mkuu wa Uganda, nchi yenye miezi saba tu ya uhuru, anamwandikia Kennedy barua ya wazi. Anasema hao wanaopigwa maji na kung'atwa na mbwa ni ndugu zetu wa damu, na kosa lao ni kwamba ni weusi na wamedai haki ya kutembea vichwa juu kama raia wengine.

Mkutano ukapitisha azimio la kueleza wasiwasi wa Afrika juu ya ubaguzi nje ya bara, ukiitaja Marekani kwa jina. Haukuwa mkali kama barua ya Obote. Ndani yake mlikuwa na shukrani kwa juhudi za serikali ya Washington, na hapo mtaona kwamba diplomasia ya sifa ilikuwa imefanya kazi: aliyeanzisha kitengo cha itifaki na kuwaalika mabalozi chai alikuwa amejinunulia uvumilivu. Lakini Washington ilishtuka. Tarehe 11 Juni usiku Kennedy alizungumza kwenye televisheni, akasema tunahubiri uhuru duniani kote; je, tuuambie ulimwengu, na zaidi tuambiane wenyewe, kwamba hii ni nchi ya watu huru isipokuwa weusi? Saa chache baadaye, baada ya usiku wa manane, Medgar Evers alipigwa risasi mgongoni mbele ya nyumba yake huko Jackson.

Julai, Dean Rusk, Waziri wa Mambo ya Nje, mzaliwa wa Georgia, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti kuutetea muswada wa haki za kiraia. Seneta Strom Thurmond wa South Carolina akambana, akitaka kujua kama anaunga mkono maandamano. Rusk akajibu kwamba kama yeye angenyimwa wanachonyimwa raia weusi, naye angeandamana. Thurmond hakutegemea jibu la namna hiyo kutoka kwa mtu wa kusini.

Maryland yenyewe ilifanyaje? Bunge la jimbo liliangusha sheria ya migahawa mwaka 1962, likaipitisha 1963. Ilikuwa ya kwanza kusini ya mstari wa Mason na Dixon, unaohesabiwa kuwa mpaka wa kaskazini na kusini, na wanasiasa wakajipongeza. Lakini kaunti 11 zikaachwa nje yake, nyingi za ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Mkienda Ocean City wakati wa joto mnapita Cambridge, kaunti ya Dorchester, alikozaliwa Harriet Tubman, yule mama aliyewatorosha watumwa. Kule hakupita balozi. Kule palikuwa na Gloria Richardson, mama aliyeongoza watu wake kudai shule, kazi na nyumba pamoja na kiti cha mgahawa. Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la jimbo, wakaletwa na bunduki. Kuna picha ya mwaka 1963 anapita mbele ya askari, anausukuma mtutu wenye singe pembeni kwa mkono, uso umekunjamana kama mtu anayemfukuza nzi. Robert Kennedy, mdogo wa rais na Mwanasheria Mkuu, alimketisha mezani na viongozi wa mji, wakasaini mapatano, ila wenyeji weupe wakataka haki ya kuingia migahawani ipigiwe kura ya maoni. Richardson akakataa kuwahimiza watu wake wakapige kura. Haki ya raia haipigiwi kura, ndio ulikuwa msimamo wake. Alilaumiwa sana, hata na marafiki. Mimi niko upande wake.

Tarehe 14 Novemba 1963 Kennedy alikuja kuzindua barabara mpya pale kwenye mpaka wa Maryland na Delaware, hii hii I-95 yenu, ambayo leo ina jina lake. Siku nane baadaye aliuawa Dallas. Kuanzia hapo balozi wa Kiafrika angeweza kutoka New York mpaka Baltimore bila kuiona Edgewood. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alisaini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi migahawani na hotelini nchi nzima, na Desemba Mahakama ya Juu ikaipa nguvu katika kesi ya hoteli moja ya Atlanta. Majaji waliegemea mamlaka ya Bunge juu ya biashara baina ya majimbo. Mabalozi hawakuhitajika tena katika hoja.

Mwezi uleule wa Julai, mwanaharakati mweusi Malcolm X alikuwa Cairo akiwaomba wakuu wa Afrika wayapeleke malalamiko ya weusi wa Marekani Umoja wa Mataifa, njia ileile ya Du Bois. Oktoba alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, kisha akasafiri kuelekea Nairobi kwenye ndege moja na Kenyatta na Obote. Walimsikiliza kwa heshima. Lakini sheria ilishasainiwa, misaada ilihitajika, na hakuna serikali iliyokuwa tayari kulibeba jambo hilo mpaka New York.

Likabaki suala la nyumba, ambalo Sanjuan alihangaika nalo kuliko migahawa. Mwanadiplomasia hutafutiwa nyumba, na wakati mwingine wizara humpigia simu mwenye jengo. Dereva wa basi mweusi wa Washington hakuwa na wa kumpigia. Muswada wa kuzuia ubaguzi wa nyumba nchi nzima ulikwama Bungeni 1966, ukakwama tena 1967. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis, miji zaidi ya 100 ikaingia katika ghasia, moshi ukaonekana kutoka ngazi za Bunge lenyewe. Sheria ya nyumba ilisainiwa tarehe 11 Aprili, wiki moja baadaye.

Nimemaliza upande wangu. Mzee pale ameinua mkono tangu nilipoitaja Kiambu. Karibu, mzee wangu.